Aya ya Mama Juliana

Ngokolo, Shinyanga
11 Machi 2024

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Nuruddin,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu umepungua uvimbe. Huku hatujambo. Mvua ni za kubahatisha, mahindi ya jirani yamekauka yakiwa yamefika magotini. Barua nimempa Gaurav, ambaye Jumatano anapeleka mzigo Segese na ameahidi kupita hapo Mwakalunde akukabidhi mkononi. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia, na safari hii nataka nifike mwisho.

Uliniuliza makala ya kijiji chetu imefikia wapi. Unakumbuka niliianza miaka mitatu iliyopita katika ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote huandika na mtu yeyote husahihisha. Nilikusudia nisiache kitu. Niliweka rashi ya dhahabu ya 1994, watu walipomiminika kuchimba, bei ya pamba ya kila msimu, visima, wenyeviti wote pamoja na waliokaimu. Ikafika maneno elfu kumi na mbili, nami nikajiona bingwa. Dimple, rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ofisi, ambaye naye ni mhariri humo, aliniambia kwa upole kwamba usingizi ulimchukua alipofika kwenye mashine ya kusaga. Mhariri mwingine, hata simjui, akabandika ilani juu kabisa kwamba makala ni ndefu mno. Wewe mwenyewe ulisema inafanana na hotuba ya mgeni rasmi wakati pilau inapoa.

Dimple ndiye aliyenifundisha. Alisema wasomaji wetu wako kwenye simu, tena kwa kifurushi cha siku moja, na wengi husoma aya ya kwanza wakaondoka. Kwa hiyo aya ya kwanza ijitosheleze, mambo ya kina yahamie kwenye makala za pembeni, ila tusimnyime msomaji jambo kubwa kwa kisingizio cha ufupi. Nilifanya kazi hiyo wiki mbili. Bei za pamba nikazihamisha. Wenyeviti nikawapa ukurasa wao, wakae huko wakumbushane. Makala ikashuka hadi maneno elfu mbili na kitu, ilani ikaondolewa, na watu wakaanza kuisoma kweli.

Hata nyinyi huko mmeisoma. Mwenyekiti Deusdedit alinipigia akasema serikali ya kijiji imeichukua aya ya kwanza kama ilivyo, na Ijumaa mkutano utapitisha shule mpya iitwe Nuruddin, kwa kuwa makala inasema wewe ndiye uliyegundua dhahabu. Alinipongeza. Nikamshukuru.

Wiki iliyopita aliniandikia Juliana, binti wa Zipora, yule Mama Juliana jirani yetu wa zamani. Siku hizi wanaishi wote Segese. Hakulalamika. Alisema mama yake haoni vizuri tena, kwa hiyo alimsomea makala yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama imeisha. Juliana akamjibu kwamba imeisha.

Baba, ile makala ndefu ilikuwa na aya moja ya Mama Juliana. Niliitoa katika jarida la zamani la parokia alilolitunza katekista Amosi. Ilisema jiwe la kwanza aliliokota yeye akipalilia karanga, akalileta dukani kwako ulitazame. Na kwamba wachimbaji waliamini mwanamke akisogelea shimo dhahabu hukimbia, kwa hiyo hawakutaka jina lake litajwe. Wakasema ni wewe, nawe hukukanusha.

Aya hiyo niliifuta mimi. Mahali pa kueleza sababu niliandika kwamba napunguza urefu, na hata Dimple aliamini. Haikuwa ndefu. Niliifuta kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa juu ya gunia la sukari, nikamwona akifungua pindo la kanga na kuliweka lile jiwe juu ya kaunta. Kumbukumbu yangu haikubaliki katika kamusi, huko wanataka kilichochapishwa. Jarida lile ndilo lilikuwa shahidi pekee, nami nikamfukuza shahidi. Naona aibu, Baba, na kila nikipongezwa huongezeka.

Leo asubuhi nimemrudisha, wala sikumrudisha kule chini alikokuwa. Aya ya kwanza sasa inasema dhahabu iligunduliwa na Zipora, mkulima wa karanga, aliyempelekea jiwe mwenye duka Nuruddin. Wewe bado umo. Makala imeongezeka maneno machache tu. Ulizoea kutuambia pale dukani kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi sana.

Barua utaipata Jumatano, mkutano ni Ijumaa. Unazo siku mbili za kulisema mwenyewe kabla hawajafungua simu zao. Ukiona nimekukosea nitakuja nipige magoti, lakini aya haitatoka.

Nisalimie Mama Mdogo na wote wanaoniulizia. Mguu ukikuruhusu, fika Segese kwa Mama Juliana, uombe Juliana amsomee tena. Mwambie safari hii hana haja ya kusubiri mpaka mwisho.

Ni mimi binti yako,
Raudha