Chokaa ya Wasichana

Tarehe 3 Machi

Kwako binti yangu,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, goti tu ndilo korofi, nalo tumeshazoeana. Sijui wewe na kazi yako ya uuguzi. Wajukuu zangu wanakula?

Unajua hakuna mtu wa kupiga mistari ya uwanja kama mimi. Nikivuta kamba na kumwaga chokaa, hata maseremala huja kutazama. Sasa wasichana wa mtaani wameunda timu. Kamati ya uwanja imewapa saa saba mchana, jua la utosi, wakati hata mbuzi anatafuta kivuli. Mwenyekiti akaniambia, "Mzee, hao usiwapigie mistari. Chokaa ni ya wanaume."

Nikamwuliza, "Kwani mpira wao hautoki nje?"

Akasema mimi mfagia uwanja tu, nifunge mdomo. Mimi, mfagiaji. Basi nimewaambia wasichana waje saa kumi jioni, Jumamosi moja wao, moja wanaume. Ufunguo wa geti ninao mimi.

Ni mimi baba yako, asiyeshindwa.

Tarehe 19 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila wodi imejaa na miguu inawaka moto. Wajukuu wanakula mpaka wanatutia hasara.

Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini. Wewe uliyenikataza kuvaa bukta, leo unagombana na kamati kwa ajili ya wasichana wa watu? Nimefurahi, baba. Lakini tangu mama atutoke, watu wako ni wale wa benchi la uwanjani. Ukikosana nao, hasa fundi cherehani, mwenzako wa drafti, utabaki na nani? Mambo yakiwa magumu njoo kwetu. Chumba kipo.

Mwanao.

Tarehe 30 Aprili

Binti yangu,

Salamu tena, na usininunie kwa ukimya, mkono wangu na kalamu havielewani. Ya bukta usinikumbushe. Ile ilikuwa fupi.

Kamati ilininyima chokaa, nikawapigia wasichana mistari kwa majivu. Majivu, mama, lakini yamenyooka. Zamu ya wanaume ilipofika sikupiga kitu. Hawa wakasema goli, wale wakasema mpira ulishatoka, wakashikana mashati mpaka jua likazama. Mwenyekiti akaja mwenyewe na gunia la chokaa begani, akalitua bila kunitazama. Zamu ya wasichana imekubaliwa. Nimewashinda wote.

Ila benchi limehamia kwa kinyozi. Fundi cherehani aliniambia, "Umetuuza kwa watoto wa kike." Nikamjibu, "Nani angekununua wewe?" Akaondoka, nami sikumfuata. Drafti sasa nacheza peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto. Nashinda kila siku.

Baba yako.

Tarehe 22 Juni

Binti yangu mpenzi,

Nimezipata barua zako zote mbili. Sisi wazima huku, nasema sisi kwa mazoea. Wewe pumzisha hiyo miguu.

Kuhamia kwako siwezi. Nikiondoka, ufunguo unakwenda kwa mwenyekiti, na hawa watoto wanarudi kwenye jua la saa saba. Wanacheza, mama. Yupo mmoja wa pembeni, akikimbia juu ya mstari wangu hata haufuti. Wakimaliza wanasema, "Ahsante babu," wanakimbilia makwao kabla ya giza. Ndivyo inavyotakiwa. Hawakuja kumpigisha mzee soga.

Jumamosi fundi cherehani alikuja. Kumbe kipa ni mjukuu wake. Alisimama ng'ambo ya uwanja, mikono nyuma, na yule mtoto alipodaka mpira niliona kofia ya fundi ikirushwa juu. Nilidhani atavuka. Nikatoa kiti cha pili, nikakipangusa. Kipenga kilipolia akamshika mjukuu mkono, wakaondokea upande ule ule. Kumwita siwezi, unanijua.

Ukipata likizo njoo, hata siku chache. Kile kiti bado kiko nje.

Baba yako.