Kigezo cha Mbao Mbichi

Kwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama imara kwa miguu yako yote miwili. Shemeji yako hajambo, wajukuu wanapiga kelele kama kawaida. Mwanangu alijitolea kuniandikia nikakataa, maana mtu akikushikia kalamu anaweza kuchomeka maneno yake. Mwandiko ni mbaya lakini ni wangu. Mimi niliyeunda milango ya nusu ya mtaa huu siwezi kushindwa na karatasi.

Mimi mzima, isipokuwa ile nundu ya mfupa chini ya goti la kulia, unaijua. Mwaka huu imeanza ukorofi. Nikipiga randa, kano inaruka juu yake, tak, kama bawaba kavu. Nikipiga magoti kupima kizingiti, ganzi inashuka hadi kidole gumba, na kuinuka ni mpaka nishike ukuta. Mkamwana aliniona nimeushika akaenda kusema. Huyo kifua cha kuweka siri hana.

Wakanipeleka hospitali. Daktari kijana, hana hata mvi moja. Alipiga picha akasema huo ni uvimbe wa mfupa lakini si saratani, hauui, nipunguze tu kupiga magoti. Ila ukianza kukua katika umri huu nirudi mbio. Kisha akamwita mwanangu pembeni. Sasa mdogo wangu, kama si saratani, pembeni walifuata nini? Mwanangu alidai anaelekezwa duka la dawa. Nikamwambia mimi si mtoto wa kunyamazishwa na pipi. Nimeshaona anavyoiangalia karakana yangu, kama mtu anayepima pa kuweka kabati.

Nikaamua kujipimia mwenyewe. Nilichonga kigezo cha mbao, kimepinda sawasawa na nundu, kikikaa juu ya ngozi hata karatasi haipiti. Kila asubuhi nakiweka. Wiki ya tatu kikaanza kubana. Ya tano kikagoma kabisa. Nikawakusanya wote sebuleni, nikawaambia wamenificha kifo changu. Mkamwana akalia. Mwanangu akakichukua kigezo, akakigeuzageuza, akakinusa, akaniuliza kwa adabu iliyopita kiasi nilikikata kwenye mbao ipi. Nikasema ile iliyokuwa imeletwa siku hizo, ikiwa bado na maji. Akanirudishia mkononi. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mbao mbichi ikikauka inasinyaa. Miaka sitini ya ufundi! Shemeji yako alicheka mpaka akaomba maji.

Tulirudi kwa daktari, picha mpya, haijakua hata unywele. Lakini akaniuliza ilianza lini. Nikamjibu ninavyowajibu watu wote, kwamba mdogo wangu alinipiga kwa nyundo ya mti tukiwa wavulana. Akatikisa kichwa, akasema pigo halioteshi mfupa wa namna hii, huota wenyewe mtoto anapokua. Mwanangu akanitazama. Nikasema daktari hajui kitu.

Anajua. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nundu ilikuwepo, mdogo wangu. Miezi mingi kabla nyundo haijakuponyoka nilikuwa naipapasa na kuificha ndani ya suruali ndefu, nikiogopa baba, aliyekuwa akitufundisha ufundi, ataniondoa benchini kwa mguu mbovu. Nyundo yako ilinigusa tu, hata haikuniuma. Nikapiga yowe, nikamwonyesha baba nundu, nikasema ni wewe. Akakukataza kushika chombo, ukapelekwa kwa mjomba kuuza vitambaa, na mpaka leo kila barua yako inaanza kwa kuuliza mguu wangu na kuniomba radhi. Radhi hizo nimezipokea zote, hata moja sikuirudisha. Na wewe ndiye uliyekuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Hilo nalisema mara moja tu.

Jana nimesafisha upande wako wa benchi. Miaka yote niliurundikia mbao ili mtu asiulize ni wa nani. Njoo. Kama una hasira, njoo nayo. Nyundo ile ninayo, na mguu ni huu huu.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya mbao. Ukiikuta imebanduka, ujue mkamwana kaisoma. Na utakaponijibu, usiniulize habari za mguu.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Milango