Baba, Ulisema Wameshuka

Mpendwa baba,

Jana nilirudi kwa yule daktari wa Auburn, hapa Sydney, safari hii kwa ajili ya presha yangu mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti ulichokalia wewe, mbele ya ile picha.

Unaikumbuka. Gari la farasi wanne linapanda mlima wa mawe, mvua imelowesha kila kitu. Dada wa mapokezi alituambia ni ya Uingereza, enzi za Malkia Viktoria, nawe ukaniuliza, "Yule mwenye lile ziwa la Afrika?" Nilicheka hadi watu wakageuka. Ukaitazama tena, ukasema, "Wameshuka." Mimi mjuaji nikakusahihisha: "Hapana baba, wanapanda. Tazama shingo za farasi."

"Haya, mwalimu," ukanijibu.

Kisha tukaitwa ndani. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Kigoma tukaja huku, mkalimani wako nilikuwa mimi, kila ofisi ya Sydney. Siku ile daktari alisema ugonjwa wako hauponi, imebaki miezi tu. Ulimi ukanigomea. Nikakwambia, "Anasema upumzike, ule vizuri, nguvu zitarudi." Ukamtazama yeye, ukanitazama mimi. "Mwambie asante."

Uongo huo nimeubeba miaka mitatu, baba. Niliamini nilikunyima nafasi ya kuaga. Kanisani wakinisifu kwamba nilikutunza vizuri, nilitamani kujificha chini ya benchi.

Jana nikaisogelea picha. Ndani ya gari yumo mama na watoto wake tu. Abiria wengine wanatembea nyuma kwenye tope, na wa mwisho ni mzee, kofia mkononi. Wameshuka kweli! Si mlima walioushuka, ni gari, ili farasi wapate nafuu.

Ndipo nikaikumbuka siku ile jikoni, nilipokwambia naacha kozi ya unesi nikuuguze. Ulisema, "Usiache. Endelea tu, mimi nimeshashuka." Nilidhani akili imeanza kukuruka, unafikiri bado tuko kwenye treni ya kutoka kwa daktari. Nikakujibu, "Ndiyo baba, tumeshafika nyumbani," nikakufunika miguu. Ukatabasamu, ukaniacha na ujinga wangu.

Kumbe ulijua! Ulijua tangu mle ndani kwa daktari, na uliniaga waziwazi kwa Kiswahili chetu, mkalimani wako ndiye ambaye hakuelewa. Nililia pale pale mapokezi, mpaka yule dada akaniuliza, "You right, love?" Nikamwambia niko sawa, na safari hii sikudanganya mtu. Mzigo ulikuwa umeniondoka. Hata daktari aliponipima alishangaa: presha imeshuka. Ungecheka wewe.

Kozi niliimaliza, baba. Siku hizi nawauguza wazee wa watu huko Ingleburn, na wakiniambia neno nisilolielewa, nawauliza tena.

Pumzika. Gari lilifika juu.

Ni mimi binti yako,
yule mwalimu