Jogoo wa Kogo Hatachinjwa

Mama,

Nimemaliza Form Four. Ulisema siku nitakapomaliza utanishika mkono tutembee mtaa wako wote wa Eldoret, kutoka juu mpaka chini, bila kuuza na bila kununua, kama wageni. Kabla ya hapo hukutaka nifike. Ulisema mtoto akiuzoea ule mtaa hataki tena vitabu. Ulisema pia kwamba miaka yote umeuza sweta pale, wewe mwenyewe hujawahi kuutembea mikono mitupu. Kila siku ni mzigo begani.

Jumamosi nilienda kuutembea. Nilienda peke yangu.

Kogo hamwachi mjukuu wake aende mjini hivi hivi, kwa hivyo nilimwambia naenda kusalimia rafiki zako. Haukuwa uongo, lakini sicho kilichonipeleka. Nilienda kwa ajili ya spika yako, ile ya kuitia wateja.

Unakumbuka tulivyoirekodi? Ilikuwa likizo. Ulisema mtaani kuna kelele, afadhali urekodie hapa Moi's Bridge, jikoni kwa Kogo. Ukashikilia kitufe chekundu, ukasema, "Sweta za watoto, sweta za shule, kuja uchague, kuja ubebe, baridi inakuja jioni." Kabla hujaachilia kitufe, jogoo wa Kogo akawika mlangoni, nawe ukaangua kicheko. Nilikuambia urudie. Ukakataa, ukasema sasa wateja watajua sweta zimetoka shambani jana. Siku ya kututembelea shuleni ulinisimulia kwamba wenzako wameanza kukuita Mama Jogoo. Ulicheka mpaka wazazi wengine wakageuka, na mimi nikaona aibu.

Simu yako ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haikuweka sauti ya mtu. Kwa hivyo sauti yako ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile spika. Na siku ya mazishi yako nilimsikia Mama Hodan, yule wa vitambaa aliye jirani ya meza yako, akimwambia Kogo kwamba ataendelea kuuza sweta zilizobaki. Kwenye mtihani, kila nilipokwama nilijiambia: Mama bado anaongea. Anaita watu mpaka jioni, ni mimi tu siko pale kumsikia.

Nilianzia juu, ulivyosema, kwenye maduka ya mbegu na dawa za ng'ombe. Wazee wenye gumboti walikuwa wanabishana kama mvua itaharibu mahindi yaliyoanikwa. Mtu akiwa mgeni pale, shida ya kwanza ni kwamba hakuna mahali pa kusimama. Ukisimama unagongwa na mkokoteni, unaambiwa usonge. Ukitembea, unaitwa kila upande. Sikujua pa kuweka mikono. Niliiweka mfukoni, nikaitoa, mwishowe nikaikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Hukuniambia kwamba karibu kila mtu ana spika. Moja inataja panya, mende, kunguni na viroboto bila kupumua. Nyingine inatafuta simu zilizoharibika. Mhubiri ana yake mbele ya muuza dawa ya panya, mpaka unasikia Shetani na kunguni katika sentensi moja. Ungekuwepo tungecheka. Nilitembea polepole nikizichambua moja moja, nikitafuta yako chini ya hizo zingine.

Kijana mmoja wa viatu vya kukimbia aliniinulia kiatu cha rangi ya chungwa. "Siste, hii imeshinda marathon huko majuu. Sasa wewe unatembea ni kama umebeba trei ya mayai. Ivae, utafika." Wenzake wakacheka. Wewe ungemjibu wakamcheka yeye. Mimi niliinamisha kichwa nikapita, na jibu likanijia nikiwa mbali.

Halafu nikasikia jogoo.

Mama, nikajua ni wewe. Nikaanza kusukuma watu, mimi, nikikimbilia ile sauti. Alikuwa jogoo wa kweli, amefungwa miguu nyuma ya pikipiki, kichwa kikining'inia. Mwenye pikipiki akaniuliza kama ninanunua. Alipoona uso wangu akaanza kupangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Mama Hodan aliniona kabla sijamwona. "Mtoto ya Mama Jogoo," akasema, akanivuta, akanikalisha kwenye kiti chako. Akaniitishia chai ya tangawizi. Akanieleza habari nyingi: akina mama wanaokuulizia, mvua iliyolowesha mizigo, jinsi askari wa kaunti walivyowakimbiza juzi. Spika ilikuwa kwenye msumari juu ya sweta. Kimya. Nilimaliza chai yote ndipo nikaweza kuuliza kwa nini haiongei.

Aliweka kikombe chini.

"Walahi, mtoto wangu, ni mimi niliharibu."

Akanieleza. Asubuhi ile ulipanga meza, ukaiwasha spika, ukamwambia akuangalilie, ukaenda stoo kuchukua mzigo mwingine. Ukaangukia huko. Mtu akaja mbio na habari, na huku mezani wewe bado unaita watu waje wachague, jogoo anawika, unacheka, kisha unaanza tena. Wanawake wote wa mstari ule wakasimama wakiitazama spika. Kwao Mama Hodan, kama kwetu, mtu akifa kelele zinazimwa. Lakini ile spika hakuna mtu aliyewahi kuigusa isipokuwa wewe.

"Nilitaka anyamaze kidogo tu, tumuombee," Mama Hodan akasema. "Nikafinya ile nyekundu, nikaishikilia. Nyekundu si ndio ya kuzima?"

Aliiwasha nisikie. Ni mtaa, Mama, si wewe tena. Honi, watu, panya na mende kwa mbali, halafu Mama Hodan akiomba kwa sauti ya chini, halafu kishindo alipoipiga kwa kiganja ili ibaki kimya. Kisha inaanza tena, honi, watu. Akaizima. Aliniambia tangu siku ile hajawahi kuiwasha, hata mara moja.

Nilitaka kumkasirikia. Ningekuwa na hasira ningekuwa na kitu cha kushika. Lakini alikuwa analia akijifuta kwa ncha ya shungi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako bila chozi, mtupu kama gunia lililokung'utwa.

"Ongea wewe," akaniambia. "Wewe ukisema asante mimi naruka. Sauti ni ile ile ya mama yako." Akaniwekea spika mdomoni, kidole chake juu ya kitufe chekundu. Nilifungua mdomo. Mtaa mzima unapiga kelele, Mama, hata wauza dawa ya panya, na mimi sikuweza kutoa neno sweta. Nikamrudishia.

Baadaye nilitembea mpaka mwisho, kwa sababu tulikubaliana mpaka mwisho. Hakuna kitu pale. Kuna mtaro na maganda ya miwa, halafu barabara nyingine inaanza. Nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba kuna kitu ulitaka kunionyesha.

Tangu Jumamosi najaribu kukusikia. Maneno ninayo yote, lakini yanakuja kwa sauti yangu. Hilo ndilo linaloniogopesha usiku na mchana. Jogoo bado yuko. Kila asubuhi anawika mlangoni pale pale, na mimi nangoja ucheke. Hucheki.

Jana Kogo alisema jogoo amezeeka, tumchinje Krismasi wageni wakija. Nikasema hapana. Unanijua, katika nyumba hii sijawahi kumwambia mtu hapana. Nilisema kwa nguvu kiasi kwamba Kogo aliweka ungo chini, na badala ya kunitazama mimi, akatazama mlangoni, kuona nani ameingia.

Kogo alienda kulala bila kula.

Sina ahadi kubwa ya kukupa, Mama. Sijui kama nitauza sweta. Sijui kama nitaweza kurudi kwenye ule mtaa. Ninachokuahidi ni kwamba huyu jogoo hatachinjwa, atakufa kwa uzee wake, na kila akiwika nitakuwa nimeamka.

Pumzika sasa. Umeita watu vya kutosha.

Ni mimi,
Jebet