Hedifoni Zenye Matundu

Jumanne, 4 Machi

Nimemsikia toka ngazini. Mlango wetu bado ghorofa nzima juu, sabuni mkononi, na kilio kile — si cha njaa, si cha usingizi. Kilio kilichokauka. Nikapanda mbio.

Kifurushi, mwanangu, alikuwa amebanwa mguu kati ya kitanda na ukuta. Sauti imemwisha. Miezi mitano tu! Na babake yuko hatua tatu kutoka pale, katupa mgongo, hedifoni masikioni, anawamiminia risasi watu wa kwenye gemu. Nilipomgusa bega akaruka. "Haki ya nani sikusikia!" Akamchomoa mguu, akambeba. Naamini. Zile hedifoni zinaziba masikio kama kifuniko cha sufuria.

Mguu mzima. Nimeutazama mara kumi.

Jumatatu ya tarehe 17 likizo yangu ya uzazi, pamoja na miezi niliyoongezewa bila mshahara, inaisha. Narudi kiwandani, kwenye cherehani. Mchana kutwa watabaki wao wawili, mpaka yeye aende kwenye lori lake jioni. Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaja kumwona mtoto. Nikamsimulia. Akacheka kwanza — eti kaka yake hata utotoni alikuwa anaitwa kula mara tatu. Halafu: "Mnyang'anye hilo gemu, unangoja nini?" Nikamwambia, wifi, gemu na muvi ndizo starehe zake, hanywi, harandirandi. Sitaki kumnyang'anya kitu. Nataka asikie tu.

Akasema basi tafuta zile za mgongo wazi. Wanazo ofisini kwao. Kikombe kina matundu kwa nyuma, muziki unausikia na mtu akikuita unamsikia. Mbona hakuna aliyeniambia!

Jumamosi, 8 Machi

Nimezipata. Dukani niliingia na Kifurushi mgongoni. Muuzaji ni mama wa makamo, miwani kaipandisha kichwani. Nikamwambia nataka za mgongo wazi, za gemu na muvi, na ziwe ngumu. Mbili zimeshavunjika kwetu — moja mume wangu aliilalia mwenyewe, moja Kifurushi aliivuta waya.

Simuni nina kilio cha Kifurushi. Nilikirekodi alipoumwa tumbo, nikamwonyeshe nesi. Nikampa yule mama simu, nikavaa hedifoni, nikaomba aniwekee muvi ya vita. Nikamwambia aende nayo mpaka kule kwenye majokofu, akiwashe.

"Mwanangu, wenzako huuliza besi. Wewe unauliza kilio!" Akaenda lakini, anacheka.

Za kwanza, kimya. Za pili, kama paka wa jirani. Za tatu — mabomu yanalipuka masikioni, na chini ya mabomu, mwanangu. Waziwazi! Machozi yakanitoka. Maziwa nayo yakatoka, nikalowa kifua chote mbele za watu. Yule mama akavua kanga yake ya begani akanifunika, akaacha kucheka.

Utepe wa kichwani wa hedifoni hizo ni chuma, nimeupinda mpaka muuzaji akaguna. Waya ukivutwa unachomoka tu, haukatiki. Sponji zinabadilishwa. Nimezichukua.

Jumapili, 9 Machi

Baba Kifurushi amefurahi kama mtoto. Anasema kwenye gemu anajua adui anatokea upande gani. Kanibusu utosini. Mchana nimelala kwa muda wa saa mbili, usingizi wa kweli.

Jumanne, 11 Machi

Ambalo sikuliwaza: sauti inaingia, na inatoka pia. Risasi zimemwamsha Kifurushi mara mbili. Nikamwomba apunguze. "Nikipunguza si bora nizime?" Nikasema basi zima. Akanuna, akapunguza. Sikurudi nyuma.

Jumatano, 12 Machi

Nimechoka. Chuchu zina vidonda. Kifurushi anakataa chupa.

Ijumaa, 14 Machi

Amekunywa chupa! Kwa mkono wangu lakini. Wa babake kautemea. Nikamwambia babake jaribu tena. "Akiwa na njaa kweli atakunywa," akarudi kwenye kiti chake. Nimepiga pasi sare. Kiuno hakifungi.

Jumamosi, 15 Machi, saa nne asubuhi

Naandikia bafuni, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nafua. Mlango nimeuacha wazi kidogo, nawaona wote wawili.

Kifurushi ameamka, analia. Yuko katikati ya kitanda, nimemzungushia mito pande zote, hana kinachomuuma. Anataka kubebwa tu. Babake anatazama muvi, hedifoni masikioni. Nikasema nisitoke. Nione. Keshokutwa sitakuwepo.

Mwanzoni hakugeuka. Moyo ukaniuma — nikadhani nimenunua kitu kibovu. Kisha nikamwona anasimamisha muvi. Kasimamisha! Nikashika mdomo kwa furaha.

Akaita, macho kwenye skrini: "Mama Kifurushi! Mtoto huyo!"

Akaiwasha tena.

Kumbe anasikia. Mapovu yanakauka mikononi. Zile za zamani ningezilaumu mpaka uzeeni.

Sijaitika. Kilio kinapanda, nakijua, bado hakijafika kile cha ngazini. Titi limeanza kudondosha.

Ameita tena. Safari hii kwa jina langu, kwa ukali. Hajavua hedifoni. Hajainuka.

Na mimi sijainuka.