Sigara ya Jirani Haikataliwi

Mudogo wangu Zaina,

Umeamka namna gani huko Alunguli? Goti linakuachilia utembee? Na ile mbuzi yako mwizi, bado inakula majani ya sombe ku mashamba ya majirani? Sisi huku Amerika tuko wazima, baridi tu njo inatuchokoza. Mutoto wangu Furaha njo anaandika. Mimi niko nasema. Nimemukataza kulainisha maneno yangu.

Zaina, nimeacha sigara. Usicheke.

Unajua nilianzia wapi. Wakati wa vita, tumejificha porini upande wa muji wa Kama, weye mwenyewe ulinifundisha kuvuta moto ukiwa ndani ya kinywa, askari wasiuone. Vita ikaisha, moto ukabaki kinywani. Huku nikapata jirani, Loretta, mama mweusi wa hapa hapa, mababu ya mababu zake walizaliwa hapa. Kingereza chake sikijui, Kiswahili changu hakijui. Siku ya kwanza alinipa sigara ku ngazi ya nyumba, njo urafiki ukaanza. Sigara zao zina baridi kama dawa ya meno. Ku kartie, mutaa wetu huu, kila duka linaziuza, na picha ya mwanamuke mweusi anacheka.

Halafu kifua changu kikaanza kulia kama baiskeli iliyobeba mawese. Munganga wa hospitali akasema, "Acha." Niache namna gani? Sigara ya jirani ukiikataa, ni kama umemwita mulozi! Na huku bila Loretta niko na nani? Basi kila asubuhi anatoa, napokea, tunakohoa pamoja.

Furaha akasikia kanisa la watu weusi lina kikao cha wanaotaka kuacha. "Mama, twende, Loretta hatajua." Mimi muislamu nikaingia kanisani kama mwizi wa kuku. Nani njo ameikala mbele? Loretta!

"Weye?"

"Weye?"

Furaha akatafsiri hasira zote mbili. Loretta akasema, "Nimetaka kuacha zamani! Lakini huyu mama ametoka vitani, hana muntu, nitamunyima namna gani? Mama yangu alinifundisha, mugeni asiikale mikono mitupu!"

"Kumbe mimi navuta kwa ajili yako!"

"Na mimi kwa ajili yako, mujinga!"

Kanisa lote likacheka. Mama mumoja munene akasimama: "Wanganga wametuambia tangu zamani, hatukuwaamini. Sasa tuambiane sisi wenyewe." Wakaimba, kila muntu akatupa paketi yake ndani ya ndoo. Wakaniomba nionyeshe tunavyovuta kwetu. Nikaonyesha, moto ndani. Zaina! Wakapiga kelele "Yesu!", wengine wakaja mbio kunitoa pepo.

Lakini kesho yake njo niliogopa. Tuko ku ngazi, mikono mitupu, midomo mitupu. Nikasema moyoni: urafiki umekwisha. Mara Loretta akavua nywele zake za kununua, akashuka ngazi moja, akaweka kichwa katikati ya magoti yangu. Nimusuke. Mvi tupu! Kumbe ananipita umri, na siku zote ananiita mama! Nikamupiga kofi la mugongo, nikamwita Yaya, dada yangu mukubwa.

Sasa kila asubuhi nasuka, nafumua, nasuka tena. Furaha anasema pengine Loretta kichwa kinamuuma, ananyamaza kwa heshima tu. Anyamaze yeye Furaha.

Salimia bwana yako mwenye kusinzia, na muke wa mutoto wako, yule wa kuuza karanga sokoni. Salimia na shehe wetu, lakini ile ya kanisa uimeze.

Yaya yako anayekupenda kwa nguvu,
Mama Furaha