Liwali amekojoa kwenye kizingiti cha ghala la risasi

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, milima ya Matogoro haionekani. Moyo wangu hauko sawa, lakini jikoni kumetulia, kwa hiyo naandika.

Daftari, wewe unanijua. Mimi ndiye mpishi wa boma la Wadachi hapa Songea. Nimetembea na misafara Kilwa hadi Tabora, nimekula na Wamanyema, nimetaniana na Wahindi wa Lindi, na shule ya serikali nilisoma miaka miwili kabla mwalimu hajachoka nami. Herufi zote nazijua, nyingine kwa sura tu. Na katika boma zima, mwenye paka anayekwenda choo sandukuni ni mimi peke yangu.

Alikuwa anakwenda.

Nimemwita Liwali kwa sababu nilimleta kutoka pwani ndani ya kapu, na kwa sababu kazi yake kubwa ni kukaa na kuhudumiwa. Sanduku lake lilikuwa la mishumaa, nalijaza majivu ya jikoni. Nimejisifu kwa hilo sanduku mpaka watu wamechoka. Askari nimewaambia paka wangu ana adabu kuliko wao, wanaojisaidia nyuma ya ukuta. Lakini panya wa ghala la unga anawamaliza kweli, na mwaka huu wa njaa, baada ya vita kuchoma mashamba yote ya Ungoni, kikombe cha unga ni roho ya mtu.

Basi wiki hii Liwali kaacha sanduku. Kakojoa kwenye gunia, kakojoa kwenye kiatu changu. Nimehamisha sanduku mara tatu. Nimemsugua pua chini, nimemkalisha mle kwa nguvu, akanichana mkono. Nikanyamaza. Mtu aliyejisifu kama mimi hatoki tu nje akasema.

Leo asubuhi ombasha, askari wa cheo kidogo aliyekuwa zamu, alikuta kizingiti cha ghala la risasi kimelowa, na punje za mtama zimelala ndani ya ule unyevu. Mtama ni wangu, gunia lilitoboka jana nilipolipitisha pale. Ila kila mtu hapa anajua ile dawa ya vita ilikuwa maji yenye mtama. Na aliyetoka kupita pale na mtungi kichwani ni Sikitu, mteka maji wetu, Mngoni, ambaye mume wake hakurudi kutoka vitani.

"Wewe mama umenyunyiza dawa," ombasha akasema. Wakamfunga kamba mikononi. Watu wametundikwa hapa kwa madogo kuliko hayo.

Nilijua mara moja. Harufu ilinifikia jikoni.

Nikaendelea kukanda unga.

Naliandika hilo ili siku nikijisoma nione haya. Nilikanda mpaka mkate wa bwana mkubwa wa Kidachi ukawa kama gogo. Nikajiambia, ukisema watamuua Liwali, na wewe utakula kiboko. Kisha nikamsikia Sikitu. Hakuwa analia. Alikuwa anamwambia ombasha, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Mtungi wangu msiuvunje. Mpeni dada yangu."

Nikauacha unga.

"Shikamoo shaushi," nikamwambia mkubwa wa askari, Msudani mmoja mtu mzima aliyekuwa ameitwa kuja kutazama. "Huo ni mkojo wa paka wangu."

Ombasha akacheka. "Si ulisema paka wako mstaarabu? Si ana choo chake?"

"Alikuwa nacho. Inama unuse."

Hakuinama. Hapo ndipo nilipomjua. Mwenye bunduki, mwenye viatu, na ile dawa anaiogopa kuliko Wangoni wenyewe. Wenzake nao walikwisha rudi nyuma hatua mbili. Basi nikapiga magoti, nikachovya kiganja, nikajipaka uso mzima kama anayetawadha, Mungu anisamehe.

"Kama ni dawa, risasi itageuka maji. Nipige basi tuone."

Mimi ni shujaa, lakini macho niliyafumba.

Shaushi akaja, akanusa shavu langu, akatema mate. "Paka dume," akasema. "Mfungueni huyu mama, anatuchelewesha maji ya kuoga." Halafu akanigeukia. "Na huyo paka asubuhi asiwepo. Ombasha atamalizana naye."

Ombasha aliondoka akinizunguka kwa mbali. Mpaka sasa hajaamini kuwa ni mkojo tu.

Sikitu hakunishukuru. Mchana alikuja jikoni, akamkamata Liwali, akageuza nyayo zake. Ngozi ya chini imebabuka.

"Kaka mpishi, majivu unayatoa saa ngapi?"

Nikamwambia, nikishaoka tu. Tangu bwana mkubwa atake mkate mara mbili kwa siku, nayachota mbiombio na kumwaga sandukuni.

"Yana makaa ya moto ndani. Wewe ungechuchumaa hapo?"

Wiki nzima nimemsugua pua mnyama wa watu kwa kosa langu.

Akatoka, akarudi na mtungi ule ule umejaa mchanga wa mtoni, wa baridi. Akaumwaga sandukuni. Liwali akanusa, akazunguka, akachimba kidogo, akatutazama wote wawili kama watumishi waliochelewa, akamaliza shughuli yake. Akafukia. Sikitu akacheka, na mimi ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu vita viishe.

Kwa hiyo Liwali haendi popote. Shaushi nitamwambia ghala lisilo na paka ni la panya, na panya hawasikii amri ya Kidachi. Ombasha naye atanikuta mlangoni nimempakata. Aje na bunduki yake.

Uso sijanawa, na sitaunawa mpaka apite.